Viatu vya Mama vya Kurushia Sahani

Kuna mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ambao nikiukumbuka naona miguu tu. Nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Moshi, na kila asubuhi nilipokuwa nikishuka kutoka Uru nilitazama watu kuanzia chini: nani amevaa nini, soli imelika upande gani, kidole kipi kiko karibu kutokeza. Mtu akinisimulia habari nzito ya ukoo, macho yangu yalikuwa kwenye kamba za viatu vyake. Ofisini sikuweza kukaa. Nilikuwa nainuka kwenda kufungua dirisha lililokuwa wazi tayari, narudi, nakaa, nainuka tena.

Sababu ilikuwa mguu wa mama.

Mama alikuwa ameishi na kisukari kwa muda mrefu kabla hatujajua kwamba ile kiu na kule kuchoka vina jina. Tulipofika kliniki, muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuzoea kumbi zenye makelele, alimwambia avue viatu, akae, afumbe macho. Kisha akatoa uzi mgumu wa nailoni, kama ule wa kuvulia samaki, akaanza kumgusa nyayo.

"Nikikugusa, mama, sema."

Mama alinyamaza. Uzi ulipinda kwenye kidole gumba. Ukapinda chini ya vidole vidogo, ukapinda katikati ya unyayo, ukapinda kisiginoni. Muuguzi akahamia mguu wa pili.

"Bado hujaanza?" mama akauliza, macho yamefumbwa, mgongo umenyooka kama yuko kwenye benchi la kanisani.

Muuguzi aliukunja uzi wake. Alinitazama mimi. Baadaye, mama alipokuwa akivaa, alinivuta pembeni akanieleza bila kuzungukazunguka. Nyayo zimekufa ganzi. Akikanyaga msumari hatajua. Kiatu kikimbana hatajua. Watu wamefika pale na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi, wakarudi nyumbani bila mguu. Kwa hiyo: asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Asivae kandambili. Avae viatu vya kufunika, vyenye nafasi mbele, na soksi nyeupe ili damu ionekane. Kila jioni mtu amtazame miguu, aipapase kwa nyuma ya kiganja, maana mahali penye joto kuliko pengine ndipo pameanza kuumia. Na atembee. Kila siku atembee, damu ishuke mpaka chini.

Hilo la mwisho mama alilisikia, akarudi.

"Nitembee niende wapi?"

"Popote, mama. Utembee tu."

Tulitoka mpaka nje ya lango la hospitali. Hapo ndipo alipoanza kucheka.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza asione kilichomchekesha. Mwanamke wa mlimani hatembei tu. Anakwenda sokoni na mkungu wa ndizi kichwani, anashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, anakwenda kanisani, anakwenda msibani. Njiani kila anayemwamkia atamuuliza anakwenda wapi, na lazima awe na jibu. "Natembea tu" ni jibu la mtu aliyegombana na watu wa nyumbani kwake, au aliyeanza kupotewa na akili. Mama alijaribu kwa siku chache akiwa na jembe begani ili apate la kusema. Alipanda na jembe mpaka juu karibu na parokia, akashuka nalo halijagusa udongo. Jirani mmoja akamwonea huruma, akajitolea kwenda kumsaidia kulima huko anakolima. Jembe likarudi ukutani, na mama akarudi kwenye kigoda chake mbele ya jiko.

Nilianza kuwa na wasiwasi hapo. Mimi ndiye mtoto wa mwisho wa kiume, niliyebaki nyumbani kwa desturi yetu, na miguu ile ilikuwa juu yangu.

Kilichomtoa kwenye kigoda kilikuja kikiruka. Shule ya sekondari iliyokuwa chini yetu ilikuwa imempata mwalimu wa kujitolea, kijana mrefu wa Kizungu aliyefundisha hesabu, masikio yake yameungua na jua. Alikuja na mfuko wa sahani za plastiki, nzito kuliko zile za watoto kuchezea, zenye ukingo mwembamba. Alitundika matenga kwenye nguzo, moja karibu na lango la shule, lingine kwenye mikaratusi, lingine ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji tuliochimbiwa na mababu, na kuendelea mpaka kwenye kitalu cha miche ya kahawa ambacho tangu bei ianguke hakuna aliyekuwa akikimwagilia. Unarusha sahani kuelekea kwenye tenga. Ikianguka njiani, unakwenda mpaka pale, unarusha tena. Anayeingiza sahani kwenye matenga yote kwa kurusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Walicheza kila Jumamosi mchana, mwalimu na wanafunzi wake wa bweni.

Kati ya tenga la mikaratusi na lile la mfongo kulikuwa na kihamba chetu, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, na mpaka wetu na shule ulikuwa ua wa mimea ya masale tu. Jumamosi moja sahani ilivuka ua ikaangukia maharage ya mama. Akatoka na panga mkononi kutazama ni ndege gani. Mwalimu alikuwa amesimama upande wa pili, mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

"Samahani mama! Shikamoo!"

"Marahaba. Chukua sahani yako, usije ukaniulia kuku."

Akaiokota akamrushia. Nilikuwepo nikaona. Mkono ulitoka kiunoni, kiganja kikajifyatua kama anavyofanya akipepeta maharage kwenye ungo, na sahani ikaondoka imelala, ikapita juu ya masale, juu ya kichwa cha mwalimu, ikaenda kugonga mkaratusi.

"Mama!" mwalimu akasema. "Tena!"

"Tena nini?"

"Tena, tafadhali!"

Baada ya wiki mbili hivi mama alikuwa anacheza matenga yote. Akiulizwa njiani anakwenda wapi, anajibu, "Nakwenda kurusha sahani," na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini lilikuwa jibu. Mwalimu mkuu mstaafu, rafiki wa marehemu baba, alisikia kicheko kile akaja kuangalia, naye akaingia mchezoni akiwa na mabuti yake ya mvua.

"Shemeji," alikuwa akimwambia mama, "mimi nimesomesha nusu ya kata hii, siwezi kushindwa na wewe."

"Basi rusha, mwalimu, usinisomeshe."

Mama alikuwa anacheza pekupeku.

Viatu vya kufunika alikuwa na jozi moja tu, vyeusi vya kanisani vyenye kisigino. Hakukubali kuviingiza kwenye tope. Nilipomkumbusha maneno ya muuguzi alinyanyua mguu akaniambia nyayo hizi zimepita kwenye mawe ya mfongo kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo nilitembea mbele yake. Jumamosi nzima nilikuwa nimeinama, natoa miiba, natoa vipande vya chupa, napiga teke mawe, huku wanafunzi wakiulizana yule kaka amepoteza nini. Nilirudi nyumbani mgongo unaniuma, na jioni nilipopapasa miguu yake kwa nyuma ya kiganja, sikujua kama joto nililolisikia lilikuwa lake au langu.

Ilibidi nimnunulie viatu. Nikaanza kuuchunguza mchezo wenyewe, maana sikutaka kununua kwa kubahatisha. Anayerusha kwa mkono wa kulia hupiga hatua kadhaa za haraka, mguu wa kulia unatangulia, mwili mzima unageuka juu yake, na wa kushoto unafuata ukiburuta ncha ya vidole. Nilitazama raba za turubai za wanafunzi: karibu zote zilikuwa zimetoboka mbele, upande wa kushoto. Kwa hiyo kiatu kiwe kigumu puani. Soli iwe na meno ya kushika udongo wa mteremko baada ya mvua, lakini yasiwe marefu, maana mguu ukishikwa ardhini wakati mwili unageuka, goti ndilo litakalolipa. Njumu za mpira nikazifuta. Viatu vya mlimani, vile ambavyo wageni huwaachia wapagazi wakishuka Kilimanjaro na baada ya siku chache vinaonekana mjini, nilivipenda kwa uimara, ila vilikuwa vizito na shingo yake haipindi. Mtu wa umri wa mama angevirusha vyenyewe badala ya sahani. Mabuti ya mvua ya mwalimu mkuu yalikuwa yakimpwaya, na kila akirusha alikuwa anageuka yeye, buti linabaki linatazama Moshi.

Mama hakutaka kushuka mjini kujaribu.

"Nikae katikati ya soko nimevua viatu, watu wananitazama vidole? Subiri."

Akatoka na kisu, akachana ukanda kwenye mgomba ulio karibu na mlango, akausimamisha unyayo wake juu yake, akakata kwa urefu wa mguu. Ndivyo akina mama wa kwetu walivyonunua viatu vya watoto miaka yote. Krismasi ikikaribia, mtu mmoja anashuka mjini na fungu la kanda za mgomba, kila ukanda mguu wa mtoto mmoja. Mimi na ndugu zangu tulivishwa hivyo. Nikaukunja ule ukanda, bado unatoa maji, nikautia mfukoni.

Nilizunguka nao wiki nzima, kila muda wa chakula cha mchana. Nilianza kwenye duka la zamani la familia moja ya Kihindi, lenye viatu vipya kwenye maboksi. Mzee mwenye duka alinipokea, akautazama ukanda uliokuwa umelala juu ya kioo cha kaunta.

"Mguu wenyewe umebaki nyumbani?"

"Ni wa mama, mzee. Hawezi kushuka."

"Mimi nina viatu vya shule, na vya harusi. Mama anaolewa?"

"Anacheza mchezo."

Alinitazama kama bado kuna sehemu ya maneno inakuja. Kisha akasema niende kwenye mitumba, wote siku hizi wanakwenda kwenye mitumba, na akarudi kwenye gazeti lake.

Kwenye mitumba viatu vilikuwa vimepangwa kwenye maturubai mpaka vinaziba njia. Vilikuwa vya kulia tu. Wauzaji huweka mguu mmoja nje, wa kushoto wanauficha ndani ya gunia mpaka mteja akubali, ili anayejaribu asiondoke navyo akikimbia. Nilipita turubai hadi turubai nikiulaza ukanda ndani ya kiatu kimoja kimoja. Kama kiatu kilikuwa sawa kwa urefu, pua ilikuwa laini. Kama pua ilikuwa ngumu, soli ilikuwa imekwisha. Nilikuwa naondoka, nafika ofisini, nakumbuka jozi moja niliyoiacha, natoroka kurudi, nakuta imeshauzwa. Mwisho nikavipata: vya bluu, vya kike, ngozi mbele na turubai ubavuni, kama vya watu wa tenisi. Ukanda uliingia barabara, ncha hadi kisigino, pamebaki nafasi ya kidole. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilivibeba mkononi bila mfuko hadi nyumbani.

Mama alivivaa na soksi nyeupe. Alisimama, akapiga hatua mbele ya jiko.

"Vinabana?"

"Havibani."

"Hapa mbele?"

"Havibani, baba. Vizuri kabisa. Aika, asante sana."

Jumamosi ile alicheza kuliko siku zote. "Shemeji leo kama mtalii!" mwalimu mkuu alipiga kelele akiwa ng'ambo ya mfongo. Nami kwa mara ya kwanza nilitembea nikiwa nimenyooka, nikatazama mlima, nikatazama sahani zinavyokwenda. Kila baada ya tenga moja nilimuuliza, naye kila mara akajibu havibani. Mama hakunidanganya. Alinijibu alichosikia, na hakusikia kitu.

Jioni nilipomvua soksi ya kulia, upande wa kidole kidogo kulikuwa na doa jekundu la ukubwa wa punje ya kahawa. Chini yake lengelenge lilikuwa limeshapasuka na ngozi imekunjamana pembeni. Mama aliinama akatazama kama anatazama mguu wa mtu mwingine.

"Hilo limetoka wapi?"

Niliutoa ukanda mfukoni. Sijui nilitaka kuonyesha nini, labda kwamba nilinunua kama nilivyoagizwa. Ulikuwa umekauka, rangi ya chai, umejikunjakunja kama utumbo. Niliunyoosha chini ya unyayo wake. Haukufika. Pale kisigino kilipoishia kwenye ncha moja, kidole gumba upande wa pili kilikuwa kimeupita kwa upana wa vidole viwili.

Mama akauchukua, akauvuta kwa mikono miwili, akauachia.

"Umesinyaa."

"Naona."

"Lakini ninyi wote mmevaa kwa kanda hizi. Hakuna aliyelia."

"Sisi ulituambia waongeze, mama. Tulikuwa tunanunuliwa vya kukulia."

Aliuzungusha ukanda vidoleni. Nadhani alikuwa anazipitia Krismasi zote, mtoto mmoja mmoja, nafasi ile ya ziada tuliyokuwa tukiijaza magazeti, ambayo kumbe ilikuwa inafidia mgomba uliokauka.

"Mimi sikui tena," akasema.

Muuguzi alipoona kidole hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisafisha, akafunga, akasema mguu usikanyage mpaka atakapoamua yeye. Kila nilipompeleka kubadilishwa bandeji nilimtazama muuguzi usoni wakati anafungua, kabla sijatazama kidole. Wiki zilipita. Kidonda kilikuwa kikifunga pembeni na kubaki wazi katikati, kinafunga, kinafunguka. Nyumbani mama alikuwa kwenye kigoda, mguu juu ya mto, anasikiliza Jumamosi sahani zikigonga miti upande wa pili wa masale. Aliweza kusema kwa sauti tu nani amerusha vibaya. Mwalimu mkuu alipita kumjulia hali, akaacha ndizi, akasema bila yeye mchezo umekuwa wa watoto. Mwalimu wa hesabu alipita, akakaa, na Kiswahili chake kikamwishia mdomoni. Alidhani yeye ndiye aliyeleta balaa. Kwa siku kadhaa mimi pia nilidhani hivyo.

Kilipofunga kabisa, muuguzi alikibonyeza, akaguna, akasema sasa aanze kutembea.

"Atembee nyumbani," nikasema. "Uani panatosha."

"Uani?" mama akasema. "Nizunguke kama mbuzi wa kamba?"

"Mama, ulibakiza kidogo tu upoteze mguu."

"Na kule kwenye kigoda ulikuwa unaniona nakua?"

Muuguzi alisubiri tunyamaze. Alisema kwamba sukari ya mama katika miezi ile ya kucheza ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote, na alipokaa imepanda. Akanigeukia mimi. Tatizo si mchezo, ni kiatu. Asimame kwenye karatasi, mchana mguu ukiwa umeshavimba kidogo, nimchore kuzunguka, nikate, niingize karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja popote, niache.

Nilimchora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, miguu yote miwili. Nilipoiweka mezani nilistaajabu. Ilikuwa mipana mbele kama majembe, vidole vimetawanyika, miguu iliyokua bila kiatu juu ya miteremko. Ukanda wa mgomba usingeweza kamwe kuniambia hilo, hata ungekuwa mbichi.

Mjini karatasi ilijikunja kwenye kila kiatu cha kike nilichogusa. Wauzaji walishanijua.

"Karatasi amerudi! Braza, unanunua kiatu au unashona?"

"Mwacheni, anapima kaburi la paka."

Siku ya soko la Himo niliomba ruhusa ofisini, nikaenda. Pale kwenye njia panda ya kwenda mpakani marobota yalikuwa yanafunguliwa mchana kweupe na watu wanayazingira. Niliacha rundo la kike, nikaingia la kiume. Niliinua na kushusha mpaka vumbi likanikausha koo. Kisha nikakishika kimoja cha kahawia, cha kamba, pua yake pana na imezungushiwa mpira, soli laini yenye meno mafupi. Nikaiingiza karatasi. Ililala ndani bila kujikunja.

"Hicho cha mzee wako?" muuzaji akauliza.

"Cha mama."

"Mama yako ni askari?"

"Lete cha kushoto."

Alikitafuta guniani. Niliingiza mkono ndani mpaka puani, nikapapasa taratibu. Chini ya kisigino palikuwa na kichwa cha msumari, kidogo mno, mtu mwenye fahamu nyayoni angekisikia siku ya pili. Nikamwonyesha. Akakigonga kwa jiwe. Nikapapasa tena. Akakigonga tena. Nikang'oa soli ya ndani, nikatazama, nikairudisha, nikapapasa kuanzia mwanzo.

"Unatafuta nini humo, bosi, tanzanaiti?"

Nilikiweka chini. Nilirudia cha kulia pia.

Mama aliviona mezani akavizunguka.

"Vya kiume."

"Ni vipana, mama."

"Na aliyevivaa ameshakufa huko Ulaya."

"Alikuwa na mguu mzuri, Mungu amrehemu."

Alijaribu kuzuia kicheko kikamshinda. Alivivaa ndani kwanza, muda mfupi, tukavua, tukatazama. Kesho yake muda mrefu kidogo. Sikuuliza tena kama vinabana. Nilikuwa namvua soksi, nageuza mguu upande wa dirisha, naweka nyuma ya kiganja, nahamia wa pili, narudi wa kwanza.

Jumamosi aliyorudi mchezoni kulikuwa na mvua iliyokatika asubuhi na udongo ulikuwa unateleza. Mwalimu mkuu alivitazama viatu akasema sasa kuna wanaume wawili, na mama akamwambia basi aanze mdogo. Tenga la kwanza nilimkagua. La pili nilimkagua. Alikaa kila mara, akafungua kamba, akanyoosha mguu huku wachezaji wengine wakisimama na sahani zao kwapani, wakitazama miti kwa adabu. Sahani yake ilivuka mfongo. Akavuka kwa miguu yake kwenye mawe, mguu wa kushoto ukaburuta pua ya mpira kwenye jiwe, na mimi nikamfuata nikiwa nimemkazia macho visigino.

"Kaa, mama."

"Mwana, watu wanasubiri."

"Kidogo tu."

Akaketi kwenye ukingo wa mfongo, akavua cha kulia, akavua soksi, akaniwekea mguu mapajani kwa uzito wote. Soksi ilikuwa nyeupe. Niliweka nyuma ya kiganja kwenye kidole kidogo, pale kovu lilipokuwa. Palikuwa na joto. Nikaweka kwenye kidole kinachofuata, nako joto. Nikaomba mguu wa kushoto nilinganishe, akavua. Nao ulikuwa na joto, au kiganja changu ndicho kilichokuwa cha moto kwa kushika na kushika. Nikakitia kwenye maji ya mfongo, nikakipangusa kwenye shati, nikajaribu tena. Sasa kila kitu kilikuwa cha baridi.

"Unasemaje?" mama akauliza.

"Ngoja."

"Nikungoje mpaka lini?"

Alivaa soksi mwenyewe. Aliingiza mkono kwenye kiatu kimoja, akapapasa mpaka mwisho bila kuambiwa, akakivaa, akafanya hivyo hivyo kwenye cha pili. Alikaza kamba, akanishika bega ili ainuke, akaenda kwenye sahani yake. Wenzake wakampisha. Alipiga hatua zake tatu za haraka, akageuka juu ya mguu wa kulia, na mimi nilikuwa bado nimechuchumaa ukingoni, kiganja kinachuruzika maji, natazama kwenye majani mahali mguu ulipokuwa.